Mzazi na Kazi za Kutwa

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii husomwa shuleni kama onyo kwa wazazi wasiojali malezi, na maana hiyo ni ya haki. Lakini ndani yake mna neno moja ambalo aghalabu hupitwa na macho, nalo ni neno kazi. Wahenga hawakusema kwamba kulea mwana ni furaha, wala bahati, wala heshima, ingawa ni hayo yote. Walisema ni kazi. Na maadamu ni kazi, ina ufundi wake, zana zake, saa zake, uchovu wake na maumivu yake. Na mwenye kuifanya huweza kuumia kama aumiavyo seremala kwa msumeno au mkulima kwa jembe. Seremala akiumia hupelekwa kwa tabibu. Mama mchanga akiumia huambiwa avumilie. Nataka kusema katika insha hii kwamba kumsaidia mama huyo kuzimudu kazi zake za kutwa ni tiba, wala si hisani. Na kwamba iko elimu inayoshughulika na tiba hiyo, ambayo vijana wengi hawajapata kuisikia.

Kwanza tulitazame neno mzazi. Kwa maana ya kawaida ni baba au mama wa mtu. Lakini katika pwani yetu, mtu asemapo kwamba nyumba fulani ina mzazi, huwa anamtaja mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye bado yumo katika arobaini. Neno hili ni cheo, na cheo hicho kina haki zake. Kwa siku 40 mzazi huogeshwa kwa maji ya moto, hukandwa mwili, hufungwa tumbo kwa mkaja, na hunyweshwa uji wenye pilipili manga. Hapiki, hatwangi, wala hachoti maji. Kazi zake za jana huchukuliwa na mama, shangazi, dada na majirani, ili yeye abaki na kazi moja mpya, nayo ni kumjua mtoto wake. Bibi yangu alipenda kusema kuwa mzazi ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe, na mgeni hashikishwi jembe kabla hajapumzika.

Sidai kwamba kila lililotendwa katika arobaini lilikuwa jema. Watoto wengine walipewa maji au asali katika siku zao za kwanza, ilhali twajua leo kwamba maziwa ya mama peke yake yamtosha mtoto hata atimize miezi 6. Lakini kiini cha desturi ile kilikuwa hekima tupu. Wazee walifahamu kuwa mwanamke hawezi kubadilika kuwa mama na papo hapo kuendelea kuwa yote aliyokuwa zamani, bila ya mtu kumpokea mzigo. Ndiyo maana wakanena kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Siku hizi mikono imetawanyika. Mtoto huzaliwa mjini, katika chumba cha kupanga, na bibi yake yuko safari ya siku nzima kwa basi. Dada wako shuleni, majirani wako kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mama mwajiriwa likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria hiyo ni ya kushukuriwa, ingawa mama anayeuza mboga sokoni au kulima shamba lake haimfikii. Hata kwa yule inayemfikia, ina mpaka: sheria imetoa siku, haikuweza kutoa mikono wala maarifa. Hapo ndipo inapofaa kuijua ile elimu niliyoidokeza.

Kwa Kiswahili yaitwa tiba kwa vitendo. Chama chake cha kwanza kiliundwa mwaka 1917 na watu wachache waliokutana Clifton Springs, katika jimbo la New York, Marekani. Dunia ilikuwa vitani wakati ule, na askari wengi walirudi makwao wakiwa wamepoteza kiungo, nguvu au utulivu wa akili. Dawa iliweza kufunga jeraha, lakini haikuweza kumfundisha mtu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Waanzilishi wale waliamini kwamba kitendo chenyewe, kikichaguliwa vema na kupangwa kwa hatua, huponya. Mwaka 1922 tabibu wa maradhi ya akili, Adolf Meyer, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Baltimore, alichapisha insha iliyoeleza kuwa maisha ya mtu hukaa katika mizani ya mambo manne: kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Mizani hiyo ikipotoka, mtu huugua hata kama hana kidonda.

Mwaka 1952 liliundwa shirikisho la dunia la matabibu wa vitendo. Hapa Kenya hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, na mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili na kuwapa leseni. Watu wengi huwafahamu kwa sababu ya watoto waliozaliwa na ulemavu wa viungo, au wazee waliopooza upande mmoja, ambao hufundishwa upya kushika kijiko na kuvaa nguo. Ni wachache wanaofikiri kwamba mwanamke aliyejifungua salama, mwenye mikono miwili na miguu miwili, ana haja ya tiba hiyo. Basi na tumpime kwa mizani ya Meyer.

Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 katika saa 24. Tukichukua mara 10, na kila mara iwe nusu saa, hizo ni saa 5 za kunyonyesha tu, usiku na mchana, kabla ya kuhesabu kuogesha, kubadili nepi, kufua na kubembeleza. Usingizi hukatika vipande vipande. Mapumziko hugeuka kuwa kungojea kilio kingine. Mchezo, yaani yale mambo ambayo mtu huyafanya kwa kuwa yanampendeza, hutoweka pasipo mtu kuaga. Kazi ya zamani imesimama, na kazi mpya haina mwalimu. Ni shida gani nyingine katika maisha ya mtu mzima ambayo huvuruga mambo yote manne kwa siku moja? Mgonjwa wa malaria hupoteza kazi lakini hupata kitanda. Mzazi hupoteza hata kitanda.

Mambo haya nisingeyafikiri sana kama hayangenifika. Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza nikiwa na miaka 31, na nikifundisha katika mji ulio mbali na pwani. Mama yangu mzazi alikuja, akanitunza arobaini nzima kama alivyotunzwa yeye, kisha akarudi kwake. Katika wiki ya nane nikaanza kusikia maumivu penye shina la kidole gumba cha mkono wa kulia. Kila nikimwinua mtoto, maumivu yalipanda mkononi kama waya wa moto. Nikashindwa kukamua nepi, nikashindwa kuzungusha ufunguo. Usiku nilimnyonyesha nikiwa na hofu moja, kwamba mkono utalegea na mtoto ataniponyoka. Nilipompeleka kuchanjwa katika wiki ya kumi, alipimwa uzito na wote wakamsifu. Nilipoutaja mkono wangu, niliambiwa kuwa ndiyo hali ya kulea.

Likizo yangu ilikuwa karibu kwisha, na mwalimu asiyeweza kushika chaki ni sawa na mvuvi asiyeweza kushika kasia. Niliogopa kupoteza riziki. Lakini nikisema kweli, hofu iliyonila zaidi ilikuwa nyingine. Nilihisi kwamba yule mtu niliyemjua kwa jina langu ameondoka, na aliyebaki ni jozi ya mikono, tena mmoja mbovu.

Mwalimu mwenzangu, ambaye mwanawe humhudhuria tabibu wa vitendo katika hospitali ya kaunti, alikuja kunijulia hali. Akanitazama nikimwinua mtoto, akasema, "Dada, maumivu hayo yana mwenyewe wa kuyatibu. Twende Jumatatu." Tukaenda. Tabibu tuliyemkuta alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Aliutazama mkono, akaupima, akanieleza kuwa maradhi yale yana jina la Fritz de Quervain, mpasuaji wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1895, na kwamba huwapata mama wachanga wengi. Kano zinazokiendesha kidole gumba hupita katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Zikivutwa mara nyingi huvimba, na njia ikawa finyu.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza tangu nijifungue. Akasema, "Mwalimu, nihadithie siku yako, tangu alfajiri hadi alfajiri." Nikamjibu kuwa sijui leo ilianza saa ngapi, kwa sababu jana haijakwisha. Hakucheka. Akachukua karatasi, akaandika kila kitendo nilichomtajia, na penye kila kitendo akauliza: wafanya umesimama au umeketi? Chombo kiko juu au chini? Nani mwingine yuko nyumbani? Nilikumbuka chuoni nilikosomea ualimu, ambako tulifundishwa kuigawa kazi kubwa katika hatua ndogo ili mwanafunzi aimudu. Huyu alifanya vivyo hivyo, isipokuwa somo lake lilikuwa maisha yangu.

Akanipa blanketi iliyokunjwa, akaniambia niinue kama niinuavyo mtoto. Nilitia mikono chini ya makwapa, vidole gumba vimetanuka. Akanionyesha njia nyingine: kiganja kimoja chini ya matako, kingine nyuma ya mabega na shingo, viganja vikitazama juu, na uzito ukachukuliwa na mikono mizima badala ya vidole. Akanitengenezea gango la kukituliza kidole. Akaniamuru niweke mto mapajani wakati wa kunyonyesha, ili mto umchukue mtoto na mkono umwelekeze tu. Karai la kuogeshea likatoka sakafuni, likawekwa juu ya meza imara, nami nisiliache hata dakika moja mtoto akiwamo. Kisha akamwita mume wangu, aliyekuwa akingoja nje, akamwonyesha ile karatasi. Hakumwomba anisaidie, aligawa kazi. Kukamua na kuanika nepi kukawa kwake, na kuogesha jioni kukawa kwake.

Mwishowe akauliza ni jambo gani nililolipenda kabla sijapata mtoto. Nikasema, kusoma hadithi jioni. Akaandika katika ile karatasi: dakika 10 za kusoma kila jioni, baba amshike mtoto. Nilistaajabu sana. Nilikuwa nimekwenda kutibiwa mkono, nikaandikiwa kitabu. Lakini zile dakika 10 zilikuwa mlango ambao kwa huo nilimwona tena yule mtu niliyedhani ameondoka. Nilirudi darasani kwa wakati, nikishika chaki iliyoviringishwa kitambaa ili iwe nene na isinibane vidole. Baada ya majuma kadhaa gango liliondoka, na kitambaa kikaondoka.

Mkono wangu ulikuwa shida ndogo ukilinganishwa na shida za wengine. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda tumboni, naye huhitaji kufundishwa kugeukia ubavu kabla ya kuketi, na kupanga nyumba ili kwa wiki 6 hivi asiinue kitu kizito kumshinda mtoto. Mama anayetumia kiti cha magurudumu hufaa apate kitanda cha mtoto kinachofunguka ubavuni na chenye kimo cha kiti chake. Mama asiyeona hujifunza kupanga vitu vya mtoto mahali pamoja pasipobadilika. Watu husema kwamba wanawake hawa wangekaa bila ya kuzaa. Kusema hivyo ni kuilaumu jamaa ya mtu kwa sababu ya kimo cha meza. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo; na kumlea mwana ni miongoni mwa mambo makuu ambayo kikwazo chake kikiondolewa, utu huonekana.

Nao moyo je? Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya binadamu wa Marekani, Dana Raphael, alibuni neno la kukitaja kipindi ambacho mwanamke hugeuka kuwa mama, nacho hulinganishwa na ubalehe. Mfano huo wafaa kuwekwa mbele ya vijana, kwa sababu ninyi mwajua ubalehe ulivyo. Mwili hubadilika, hisia hupanda na kushuka, na mtu hujiuliza yeye ni nani. Hakuna anayemwambia kijana kuwa yu mwovu kwa sababu amechanganyikiwa. Mama mchanga naye huvuka mto kama huo, na mtoto yuko mgongoni.

Machozi ya siku za kwanza huwapata wengi, na aghalabu hukauka kabla ya wiki 2. Yasipokauka, ikiwa mama hali, halali hata mtoto alalapo, haoni raha katika kitu chochote, au ajiona hafai kuwa mama, hayo si machozi ya desturi. Yaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, ambao una tiba. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanawake wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, na yaliyo makubwa ni sonona. Hapo tabibu wa vitendo hafanyi kazi peke yake. Daktari, muuguzi na mshauri wana sehemu zao. Yake ni kumrudisha mtu katika siku yake kidogo kidogo: leo kuketi uani kwenye jua, kesho kumwogesha mtoto, wiki ijayo kwenda dukani. Na mama akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali mara hiyo hiyo.

Najua kuna watakaouliza: je, mama zetu hawakutulea pasipo matabibu hawa? Walitulea, na shukrani zetu kwao hazina kipimo. Lakini hawakutulea pasipo msaada. Walikuwa na arobaini na mikono kumi nyumbani. Aidha, wako waliobeba maumivu ya mkono na moyo hata uzeeni, nasi tuliyaita mazoea. Mtu kustahimili jambo si ushahidi kwamba jambo hilo lilistahili kumpata. Nao uchungu wa mwana aujuaye mzazi; lakini kuujua peke yake hakumfai ikiwa wengine hawataki kuuliza.

Siku ya kurudi kazini pia yahitaji matengenezo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Kwa upande wa shule, tangu mwaka 1994 sera ya serikali yetu imemruhusu msichana aliyejifungua arudi masomoni. Arudipo, huja na mizani iliyopotoka maradufu, kwa kuwa ubalehe na umama vimemkuta pamoja. Kumnong'onea nyuma ya mgongo ni kazi rahisi isiyo na faida. Kumpa madaftari ya masomo aliyoyakosa ni kazi ngumu kidogo, nayo ni tiba kwa vitendo hata kama aliyeifanya hana leseni.

Ninyi vijana mtasema kuwa hayo ni mambo ya watu wazima. Sivyo. Yumkini nyumbani kwenu kuna dada, shangazi au mama aliye katika hali hii wakati huu. Mkirudi likizoni, mvulana na msichana sawasawa, msimuulize tu kama mtoto amenyonya. Muulizeni yeye amelala saa ngapi. Chukueni ndoo kabla hamjatumwa. Shikeni nepi bila ya kukunja pua. Inueni karai kutoka sakafuni. Mkimwona akikunja uso amwinuapo mtoto, msimwambie avumilie, bali mwambieni kuwa katika hospitali za serikali wako matabibu wenye ujuzi huo. Na huenda miongoni mwenu mmoja akaichagua kazi hiyo kuwa yake, akaketi siku moja mbele ya mwanamke aliyechoka, akachukua karatasi, akamwomba amhadithie siku yake. Asije akaiona kazi hiyo kuwa ndogo. Taifa huanza mikononi mwa wanaolea, nayo mikono ile ikitunzwa, mengi yaliyo juu yake hutulia.